Nilihama Jukwaa na Kisasi Changu

Aliyechelewa kufika nitamsogezea kiti, kisha tuendelee.

Mimi ni mkunga. Kwa miaka tisa nilikuwa na ukurasa kwenye ule mtandao mkubwa tuliouita Jukwaa tu, kama vile duniani hakuna jukwaa lingine. Ukurasa uliitwa Dada Mkunga. Wanawake elfu arobaini walinifuata. Aliyevimba miguu aliniuliza. Asiyesikia mtoto akicheza tumboni aliniuliza. Hata aliyegombana na mawifi juu ya jina la mtoto aliniuliza mimi.

Kisha Jukwaa likauzwa. Aliyelinunua akawafukuza waliokuwa wakilisafisha, akaanza kuuza tiki ya bluu, ile alama ya kuthibitisha kwamba wewe ndiye wewe, kama mtu anayeuza njugu. Mtu nisiyemjua akanunua tiki, akajiita Dada Mkunga, akabandika picha yangu, akaniripoti mimi kuwa ndiye feki. Mashine ikaiamini tiki. Nikafutwa, na wafuasi wangu wakabaki kwake.

Wiki iliyopita niliwaachia pale wodini. Aliletwa mama wa uzazi wa kwanza, nitamwita Kitanda Nne, uchungu umembana kama umetumwa, na ndani ya pochi ana pakiti ya unga wa kuharakisha uchungu. "Si wewe uliyeniuzia, Dada Mkunga?" akaniuliza mbele ya wenzangu wote. Mtoto alitoka salama, ingawa alichelewa kulia. Mama alimwaga damu nyingi. Mimi nikapewa na Metroni barua ya kusimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe.

Leo nawasimulia niliyoyafanya baada ya barua hiyo. Mkinichukia, mtakuwa na haki.

*

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, fundi redio. Nilimkuta ameng'ata waya kwa meno, mikono yote miwili imezama ndani ya spika.

"Shemeji, nataka unifundishe kuvunja akaunti ya mtu."

"Sijui kuvunja," akasema bila kuinua kichwa.

"Fundi mzima!"

"Kuvunja wateja wananivunjia wenyewe. Mimi kazi yangu kutengeneza."

Nikaketi juu ya redio mbovu nikalia. Sikulia kwa huzuni, niwaambie ukweli. Nililia kwa hasira, machozi yale ya moto yanayotoka mtu amekunja ngumi.

Shemeji akatoa waya mdomoni. Akanionyesha kisanduku cheusi kwenye rafu, kidogo kama mche wa sabuni, kina taa moja ya kijani.

"Unakiona hicho? Hiyo ni nyumba."

"Nyumba?"

"Ya watu thelathini na wawili. Mafundi wenzangu. Tunaandikiana humo, tunabandika picha, tunabishana. Na nyumba yetu inaandikiana na nyumba nyingine nyingi, kila moja na mwenyewe. Hakuna tajiri mmoja aliyezishika zote. Mwenye nyumba akikukorofisha, unafunga virago, unahamia nyumba ya pili, na wanaokufuata wanakuja nawe."

"Na tiki?"

"Hakuna tiki. Watu watakujua kwa unavyokaa nao."

Mtu mwenye moyo safi angefurahi. Mimi nilifikiria jambo moja tu: nitawatoa wanawake wangu Jukwaani mmoja mmoja, mpaka yule mwizi abaki anaviuzia viti.

"Nijengee nyumba," nikasema.

Alinijengea kwa siku mbili. Kisanduku changu akakiweka pembeni ya chake. Neno la siri la mwenye nyumba akaliandika kwenye karatasi, akanishikisha, lakini hakuiachia karatasi.

"Kuna jambo, shemeji. Mwenye nyumba anaweza kufungua barua za siri za wapangaji wake. Mtambo haumzuii. Nina mwaka wa nne mimi, sijafungua hata moja. Niapie."

"Naapa."

"Kwa nani?"

"Kwa marehemu mama."

Akaiachia karatasi. Nikaikunja nikaitia mkobani.

*

Kuhama kunasemwa kirahisi.

Jukwaani, ukitaja anwani ya nyumba ya nje, maneno yako yanafichwa, hayaonwi na mtu. Basi nikarudi kwenye mdomo. Nilikaa kwenye mabenchi ya kliniki kama mgonjwa. Nilisimama kwenye foleni za chanjo. Msusi wa mtaani kwetu alinibandikia karatasi juu ya kioo chake, na kila aliyekuwa akisukwa hakuwa na pa kutazama isipokuwa pale.

Wakaanza kuja. Mmoja alijisajili mara tano kwa sababu kila mara alisahau neno la siri. Mwingine aliliandika neno lake la siri hadharani, mbele ya watu wote, ili asilisahau tena. Wa tatu aliingia akauliza, "Matangazo yako wapi?" Alipoambiwa hakuna akasema basi atazoea.

Mwezi wa kwanza tulifika mia moja na kumi na wawili. Nilikuwa na uwanja wa mpira, sasa nina sebule.

Lakini sebuleni watu huongea. Mama mmoja aliuliza juu ya kichefuchefu, akajibiwa na wanawake kumi na wanne kabla sijafungua simu. Walikumbushana tarehe za kliniki. Waliazimana nguo za watoto. Ile ilikuwa nyumba hasa, na mimi mwenye nyumba sikuiona, maana macho yangu yalikuwa kwingine.

Kila aliyehamia nilimwomba kitu kimoja. Arudi Jukwaani mara ya mwisho, aandike kwenye ukurasa wa yule mwizi: "Nimehama. Huyu si Dada Mkunga. Usinunue unga wake."

Akifuta, wanaandika wengine. Akiwafungia, wanatuma dada zao.

Kila asubuhi kabla ya chai nilifungua ukurasa wake nione umepungua kiasi gani. Elfu thelathini na nane. Thelathini na moja. Ishirini na sita. Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni.

Dada yangu alinikuta siku moja nikicheka hivyo.

"Hivi wewe umehama kweli?" akaniuliza. "Au umehamisha viatu tu?"

"Anaisha, dada. Njoo uone anavyoisha!"

"Nakuona wewe," akasema, akaondoka na kikombe chake.

Jukwaa lenyewe lilikuwa linaoza na kunisaidia. Linazimika mchana kutwa. Chini ya swali la mama anayetokwa damu ungekuta roboti tatu zinasifia viatu na ya nne inataka mkabeti. Hata waliompenda yule mwizi walianza kuondoka wenyewe.

Na mchuuzi hufuata walipo wanunuzi.

*

Nyumba yangu ilikuwa na swali mlangoni. Kila anayetaka kuingia alijibu: "Unatafuta nini humu?"

Jumatatu moja saa tatu asubuhi alibisha hodi mtu anayejiita Mama Subira. Jibu lake lilikuwa hili: "Mimi ni mtu mzima, nina ujuzi wa uzazi, nataka kukaa na wenzangu. Nitawabeba mgongoni."

Moyo ukanilipuka. Yule mwizi kila alipomaliza kuandika Jukwaani alimalizia na maneno hayo: Nawabeba mgongoni.

Nikakimbia hadi kwa Shemeji na ndala zisizofanana.

"Ni yeye! Amejileta!"

Shemeji akasoma, akakuna kidevu. "Sawa. Mkatalie. Bonyeza hapa, kwisha habari yake."

"Nimkatalie? Baada ya yote haya? Karibu ndani, mama, karibu sana!"

Nikabonyeza kukubali.

Shemeji akarudi kwenye waya zake. "Uliniapia."

"Nakumbuka."

"Nakukumbusha tu."

Siku sita Mama Subira alitulia. Alijibu maswali mawili tu hadharani. Moja lilikuwa la mtoto aliyelala kikingamo. Akaeleza jinsi ya kumpapasa mama, alale vipi, lini asisubiri tena aende hospitali. Alieleza vizuri kuliko mimi ningeeleza. Wanawake wakamshukuru yeye.

Siku ya saba, saa sita mchana, nguo zimelowa kwenye beseni na redio ya jirani inaimba, nilikaa mezani nikaandika lile neno la siri la mwenye nyumba. Pembeni kulikuwa na orodha ya barua za kila mpangaji.

Sikuchelewa. Ningependa kuwaambia nilisita, nilizunguka chumba, nilimkumbuka marehemu mama. Hapana. Nilifungua kama mtu anayefungua sufuria lake mwenyewe.

Zilikuwa barua kumi na moja. Nne zake, saba za wanawake wangu.

"Mpenzi," alikuwa amemwandikia mmoja, "hadharani hawataki niseme, lakini ninao unga wa kulainisha njia. Kijiko kimoja kwenye maji ya moto, wiki ya mwisho tu, usizidishe. Njoo duka la fotokopi linalotazamana na posta, Jumamosi saa nne. Uliza mzigo wa Mama Subira."

Nikapiga meza. Nimempata!

Nikazipiga picha barua zote kumi na moja. Zote, hata za wanawake wangu. Wapo walioandika kwa majina yao. Yupo aliyeandika jambo ambalo mumewe hakulijua, juu ya mimba ya kwanza, kabla hajaolewa. Nililiona. Ningeweza kulifuta kwa kidole, kazi ya nukta moja.

Nilikuwa na haraka.

Juu yake nikaandika: "Mwizi wa jina langu huyu hapa, kwa mkono wake mwenyewe. Muuaji wa wajawazito. Jumamosi saa nne, duka la fotokopi mbele ya posta. Mwenye uchungu aje." Nikabonyeza tuma.

Ndani ya saa moja zilikuwa zimeingia kwenye nyumba mia tatu.

*

Simu ya kwanza ilikuwa ya Shemeji. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Siku hiyo pia hakupaza, na hilo lilinitisha zaidi.

"Umefanya nini?"

"Nimemkamata."

"Futa."

"Shemeji, huyu mtu..."

"Futa sasa hivi, nikiwa nasikia."

Nikafuta. "Haya. Nimefuta."

"Umefuta humo ndani kwako. Hizo nyumba nyingine kila moja imeshaweka nakala yake. Huku hakuna ofisi kuu ya kuipigia simu ikafute kila mahali. Waungwana watafuta wakiombwa. Wengine hawatafuta. Ungetaka ofisi kuu ungebaki Jukwaani."

"Basi zisambae. Amejitakia."

"Yeye amejitakia. Na wale saba?"

Nikaihamishia simu kwenye sikio la pili.

"Kwa mama yenu uliapa," akasema. "Mke wangu hapa analia. Sijui nimwambie nini." Akakata.

Ujumbe wa pili ulitoka ndani ya nyumba. "Mimi ndiye wa barua ya tano. Mume wangu ameisoma akiwa kazini, ameonyeshwa na mwenzake. Nisaidie, Dada Mkunga, nimwambie nini akirudi?"

Nilianza kujibu mara tatu. Sikutuma kitu.

Wa tatu hakuniandikia mimi. Aliwaandikia wote: "Kumbe mwenye nyumba anatuchungulia. Kule Jukwaani tulijua tunachunguliwa na tajiri tusiyemjua. Huku tumechunguliwa na dada yetu. Mimi nafunga virago."

Wakafunga. Kitu kile kile nilichokisifia, kwamba mtu anaweza kuhama na watu wake wote bila kuomba ruhusa, nilikiona kikifanya kazi mbele ya macho yangu. Ijumaa jioni walikuwa wameondoka themanini na sita. Nyumba nyingine nazo zikaanza kukata kuandikiana nasi. Moja iliacha neno: "Hatupokei barua kutoka nyumba inayofungua barua."

Mnadhani nilijuta? Nilijiambia, acha waende, nitawarudisha nikishamaliza kazi. Kesho Jumamosi.

*

Saa tatu na nusu nilikuwa nimeshafika. Sikusimama dukani. Nilivuka barabara nikajibanza kwenye baraza la posta, nyuma ya nguzo, kitambaa nimekivuta mpaka kwenye nyusi. Nilitaka kuona kila kitu bila kuonekana.

Duka lilikuwa dogo, mlango mmoja, mashine inanguruma ndani na karatasi zinaanguka moja moja. Nje walikuwa wameshajaa watu kama ishirini. Wanawake wengi, waume watano au sita, na wote wameshika simu.

Katikati alikuwa Kitanda Nne. Alikuwa amekonda, mtoto kifuani ndani ya shali ya manjano. Pembeni yake mumewe, dereva wa lori, shingo nene, mikono haitulii.

Saa nne kasoro dakika mbili akatokea.

Alikuja kwa miguu, polepole, mkoba mweusi kwapani. Viatu vyeupe vya uuguzi, vile vya kamba, vimepakwa chokaa vikang'aa. Kabla sijauona uso niliviona vile viatu, nikavitambua.

Alikuwa Mwalimu wangu.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo pa kuungama. Katika sehemu ya kwanza ya kisa hiki niliwaambia kwamba yote niliyoandika kwa miaka tisa niliyatoa wodini, kwa kuona na kukosea. Niliwadanganya. Hata nyinyi.

Mwalimu ndiye aliyenifundisha ukunga. Alinishika mikono nikiwa sijui kichwa cha mtoto na kisigino. Siku aliyostaafu alinipa madaftari yake saba, miaka thelathini na tano ya kazi, kila uzazi mgumu na jinsi ulivyotoka. "Yatunze," alisema. Mimi nikayachapa Jukwaani, ukurasa kwa ukurasa, kwa jina la Dada Mkunga. Sikumtaja hata mara moja. Aliponiandikia mwaka wa tatu, kwa adabu zote, kwamba angefurahi kama jina lake lingeonekana mahali, nilimjibu: "Mwalimu, watu hawapendi kusoma majina mengi."

Hakuniandikia tena.

Watu walikuwa wameshamzunguka. Yule dereva akamnyang'anya mkoba akautikisa. Pakiti zikamwagika chini, kumi na kitu, zile zile.

"Ni wewe?" Kitanda Nne akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mwalimu hakukana. Alimtazama mtoto kwanza, akamtazama kwa namna ile ya kazi, rangi ya midomo, anavyopumua. Kisha akamtazama mama.

"Ni mimi. Nilikuandikia kijiko kimoja, wiki ya mwisho. Ulichukua kiasi gani?"

"Nilikunywa... nilitaka yaishe haraka. Pakiti."

"Yote?"

"Yote."

Mwalimu akafumba macho. "Basi nina kosa. Kitu kama hicho hakiuzwi kwa mtu usiyemwona uso. Nilijua, na nikauza."

"Mama yangu mzazi angekuwa hai asingeniponza hivi!" Kitanda Nne akapaza sauti, na mtoto akaanza kulia.

"Na jina?" mwanamke mmoja akafoka. "Jina la Dada Mkunga umeliiba kwa nini? Mwizi mkubwa!"

"Mwizi! Mwizi!" wakadakia wengine. Dereva akamshika Mwalimu bega. Mzee wa watu akayumba.

Nilipaswa kushangilia. Ndiyo siku niliyoisubiri tangu nifutwe. Na nitasema ukweli: kipande kimoja cha moyo wangu kilishangilia.

Mwalimu akageuza kichwa, taratibu, akatazama ng'ambo ya barabara. Akanitazama mimi moja kwa moja, nyuma ya nguzo.

"Njoo, binti," akaita. "Toka huko. Njoo uwaambie mwizi ni nani."

Vichwa ishirini vikageuka. Hakuna nguzo ya kumficha mtu aliyeitwa hivyo.

Nikavuka. Watu wakanipisha, wengine wakinong'ona, "Ndiye. Ndiye Dada Mkunga." Nikafika mbele yake. Sikumpa shikamoo.

"Nilibisha kwako ukanifungulia," Mwalimu akasema, kwa sauti ya watu wawili wanaoongea chumbani. "Yale majibu mawili niliyaandika makusudi. Nikasema, akiyasoma atanitambua. Mwanafunzi wangu hawezi kukosa kuitambua kazi yangu. Nikawa nangoja uniandikie."

Nikavitazama vile viatu vyeupe.

"Ungeniandikia neno moja tu, ningekurudishia jina lako siku ile ile. Ningeomba radhi mimi niliye mkubwa. Badala yake umefungua barua zangu, ukaniitia watu; niliyasoma, nimekuja hivyo hivyo."

Dereva akachoka kusubiri. "Dada Mkunga, sisi hatuelewi hadithi hizi. Unamfahamu huyu bibi, humfahamu?"

Niliona mambo mengi kwa mara moja. Niliona barua ya Metroni. Niliona elfu arobaini. Nikisema namfahamu, nitaulizwa kutoka wapi, na la pili litakuwa madaftari. Nikisema simfahamu, yeye atapelekwa kituoni kama mwizi na muuza sumu, na mimi nitarudi wodini na jina langu limeng'arishwa. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa tamu.

"Simfahamu," nikasema. "Sijapata kumwona."

Mwalimu hakupiga kelele. Aliinama, akaupapasa mkoba wake ulioanguka, akatoa simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka pembeni. Akaibonyeza kwa kidole kimoja, bila haraka, mpaka alipotaka kufika.

"Hilo Jukwaa lenu limeharibika kila kitu," akasema, "lakini halisahau barua. Za miaka ile mitatu ya mwanzo zimo humu, zake kwangu na zangu kwake. Sikupata kumwonyesha mtu. Barua ni siri ya wawili. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najua mimi."

Akamgeukia Kitanda Nne.

"Wewe ndiye uliyemwaga damu, kwa hiyo una haki kuliko hawa wote. Soma. Tena kwa sauti. Si ndiyo siku hizi, barua za watu zinasomwa barabarani?"

"Hakuna haja," nikasema haraka. "Twendeni kituoni tu, mambo ya simu yataangaliwa huko..."

"Nataka kusoma," Kitanda Nne akasema.

Mtoto alikuwa bado analia na mikono yake haikutosha. Akatazama huku na huku amkabidhi nani. Akanipa mimi. Ndiye mkunga aliyempokea, angempa nani? Nikajikuta nimeshika kilo nne na kitu za mtoto wa watu, shali ya manjano imenining'inia mkononi, siwezi kukimbia wala kuziba uso.

Simu zikainuliwa juu, taa nyekundu za kurekodi zikawaka. Mtoto alinyamaza begani kwangu.

Kitanda Nne akasafisha koo. Alisoma kama mtu anayesoma shuleni, neno kwa neno.

"'Shikamoo Mwalimu wangu mpendwa. Lile daftari la sita nimelimaliza kulichapa, wanawake wamelipenda mno. Nakuomba usiwaambie wenzetu wodini kwamba ni lako...'"

Akasimama hapo. Akainua macho, si kwa Mwalimu.

Simu zote zikanigeukia mimi. 

Dereva akaliachia bega la Mwalimu. Akaja mpaka mbele yangu, karibu kabisa, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe mwanangu," akasema.